Ile Karatasi ya Mama Redio

Basi jana ulipomaliza kunieleza maneno ya yule mzee wa mtamboni, mimi nikanyanyuka nikasema naenda kukamua ng'ombe. Ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, Jumanne. Ng'ombe mwenyewe nilikuwa nimeshamkamua, na wewe uliniona nikimkamua. Nilikwenda kusimama tu pale zizini.

Leo umekwenda Sepuka kuwaaga wajomba zako, nami nimemwita Salome, mwalimu wetu wa kisomo, aniandikie. Anasema barua huanza na salamu, halafu hali ya nyumbani. Nimemwambia hali ya nyumbani Jumanne anaijua, yumo humo humo, kesho ndiyo anaondoka. Wewe andika ninavyosema. Amecheka, lakini anaandika, naona kalamu inakwenda.

Mambo ya kula na kufua, na kushika mzigo wako ukipanda gari moshi pale Manyoni, hayo sikuambii. Shangazi zako wamekuambia mpaka masikio yamechoka. Mimi nataka tuongee habari ya ile karatasi, maana usoni kwako nimeshindwa.

Nilikusikia vizuri. Huyo Mzee Kassimu anafanya kazi ya kuchapa kwenye gazeti alilokuwa akichorea kaka yako Ntandu, na ndiye aliyekaa naye alipougua. Anazo katuni zake. Siyo za gazetini, zile zenyewe, alizozichora Ntandu kwa mkono wake. Na vijana wachoraji wanamjia kila mmoja akisema mimi ni ndugu wa marehemu, kumbe wanautaka ule upande wa nyuma ulio mweupe, kwa vile karatasi nzuri siku hizi haionekani. Kwa hiyo mzee amegoma. Anasema ndugu wa kweli aje na karatasi moja yenye mkono wa Ntandu, ailinganishe na zake, ndipo atoe zote. Na asichelewe, maana mzee anaacha kazi, anarudi kwao kusini, na mzigo huo hawezi kwenda nao.

Na karatasi iliyobaki ni moja tu. Ninalala nayo.

Ulipokuwa mdogo hukujua haya mambo yalianzaje. Tulikuwa bado kule kwetu kwa zamani, kwenye tembe la baba yenu. Ntandu huyo tangu utoto ni mkaa na ukuta. Alimchora mwanangwa, yule mkubwa wa kijiji, na tumbo lake lote, kwenye ukuta wa mbele, mahali mgeni anapoingilia, baba yenu akampiga, halafu akaenda akachungulia tena ule ukuta akacheka peke yake, nilimwona. Huyo baba yenu alikuwa mtu wa kucheka kwa kujificha. Mungu amrehemu. Nilikuwa nasema nini? Ee, karatasi.

Ntandu akaenda Dar es Salaam, akaanza kwa kufagia pale kwenye gazeti, mwisho wakampa kalamu. Siku moja utingo wa basi akaniletea furushi, nikadhani kanga. Nafungua, nakuta karatasi ngumu kama ngozi iliyokauka, kubwa kuliko gazeti lenyewe, imegawanywa vyumba vyumba, na ndani yake mwanamke mwenye pua pana, mtungi kichwani, anaongea. Chumba cha kwanza anaongea na jirani. Cha pili anaongea na mbuzi. Cha tatu mbuzi amelala, yeye bado anaongea. Nikaipeleka kwa mwalimu wa shule anisomee, mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Nikamwambia basi na mimi nisomee nicheke. Akasema, "Mama, huyu ameitwa Mama Redio. Lakini ukitazama vizuri ile pua, huyu ni wewe."

Nilikasirika wiki nzima. Kisimani watu wakawa wananiambia, Mama Redio, leo taarifa ya habari saa ngapi? Yule mzee Mghenyi ndiye aliyezidi, kila akiniona anazungusha kidole hewani kama anatafuta stesheni. Nikamwambia, sasa hivi ni matangazo ya vifo, ngoja nifike kwenye jina lako. Akaacha.

Ntandu alipokuja likizo ndipo akanionyesha kile ambacho sikukiona. Chini ya wino mweusi palikuwa na mistari ya penseli ya buluu, hafifu, kama mishipa ya mkono wa mtu mzee. Nikasema hapa umechafua. Akasema hapana. Akasema kamera ya kule mtamboni haioni rangi hii ya buluu, ni kipofu nayo. Inaona wino peke yake. Kwa hiyo mchoraji anatangulia na buluu, akikosea akarudia, halafu anapitisha wino juu, na gazeti linatoka safi. Akaniambia, "Mama, wino ni wa watu wote. Buluu ni ya kwako." Kwa sababu mimi sijui kusoma, na barua ya kuandikwa lazima ipite kinywani mwa mtu mwingine kwanza, ndiyo inifikie. Sasa kila alipochora Mama Redio, pembeni au chini ya miguu yake alinichorea mambo yake. Chumba alichopanga, kitanda na sufuria moja. Msichana mwenye nywele za kusuka. Siku moja ikaja karatasi yenye kiguu kidogo cha mtoto, kiguu peke yake, kwenye kona. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nina mjukuu. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, baba yenu akaja mbio akidhani nimeungua na maji ya ugali.

Ndiyo maana ulipoanza kuzunguka huko Ikungi mpaka Mungaa, unawaomba wenye maduka magazeti ya zamani waliyofungia chumvi, unakata Mama Redio unambandika kwenye daftari, mimi nikakuambia hiyo ni kazi ya bure. Ukanuna. Hukujua nasema nini. Gazetini ni wino tu, Jumanne. Ni kama kumwona mtu kwa nje ya ua. Nisamehe kwa jinsi nilivyosema, lakini neno lenyewe lilikuwa la kweli.

Sasa makosa yangu. Moja unalijua, tumelicheka hata, ingawa mimi sikuwa nacheka. Sisi mbegu ya uwele tunaiweka wapi? Tunaiweka kwenye uchaga juu ya moto, moshi uipite, fukusi asiiguse. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu kutunza kitu ambacho hutaki kipotee. Na karatasi zile ndizo zilikuwa mbegu yangu. Nikazitia kwenye lindo, lile pipa la gome la mti alilolishona baba yenu, nikalitoboa matundu chini ili moshi uingie vizuri, nikaliweka juu ya uchaga. Nilijiona mwenye akili. Mchwa walikula milango ya watu msimu ule, karatasi zangu hawakuzigusa.

Nilipozishusha nizitazame, wino ulikuwa mweusi vile vile. Mama Redio yuko pale anaongea. Buluu imekwenda. Moshi umeinywa. Karatasi zimekuwa rangi ya chai, masizi juu yake, na kile kiguu cha mtoto hakipo. Nikasugua kwa kidole na mate, ikatoka ngozi ya karatasi. Nilikaa pale jikoni moto ukazimika. Nilikuwa nimetunza cha watu wote na kuua cha kwangu.

Ntandu alipouliza nikamwambia zipo, hazina mdudu. Wala sikusema uongo.

Akaendelea kuleta. Msichana yule wa nywele za kusuka alipofariki, Ntandu akamleta Mwanaidi mwenyewe, yule mjukuu wa kiguu, mtoto wa kutambaa, ili nimlee. Karatasi iliyokuja baada ya hapo ndiyo hii iliyobaki. Kwa wino, Mama Redio anagombana na kondakta wa basi. Kwa buluu, chini, mwanamume amembeba mtoto mabegani anaelekea kwenye tembe, na mlangoni amesimama mtu mwenye pua pana. Hiyo sikuitia moshini. Niliiviringisha kwenye kitambaa.

Halafu ukaja mwaka wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Hilo sina haja ya kukuhadithia, ulikuwa na akili zako. Vijana wa lori walifika tukiwa tunapura mtama, wakasema leo, na leo ikawa leo. Wakaliporomosha paa la tembe ili tusirudi, ule udongo wa paa ukafunika mafiga, na moto ulikuwa bado unawaka chini yake, nakumbuka moshi ulivyokuwa unatoka kwenye udongo kama shimo la yule mnyama mhanga likifukizwa. Nilishika lindo la karatasi, nikashika mbegu, nikamfunga Mwanaidi mgongoni. Tukashushwa hapa tulipo sasa, penye migunga, tukaonyeshwa vijiti vilivyochomekwa ardhini, tukaambiwa nyumba yenu ni hapa. Nyumba ilikuwa vijiti. Nyasi za kuezekea hatujakata, na mvua ya kwanza ikatukuta hivyo.

Mwanaidi alikuwa na homa. Nisikilize sasa, na Salome asiache neno.

Mvua ilianza mchana. Mikeka ilikuwa imeloa, ngozi za kulalia zimebaki kule chini ya udongo. Nikafungua lindo nikatoa karatasi, kwa kuwa ni pana na ni ngumu, tukamfunika mtoto. Wewe ulishika pembe ile na mimi hii. Ikilowa moja tunaiweka chini, natoa nyingine. Masizi yakaanza kutiririka, yanamwingia machoni, shingoni, mimi napangusa na kanga, yanakuja mengine. Wino wa Ntandu haukutoka hata kidogo. Masizi ndiyo yaliyotoka. Mama Redio alikuwa pale juu ya mtoto anaongea na mbuzi, na maji meusi yanapita katikati yake.

Lindo likaisha. Na ile moja nilikuwa nayo kifuani, ndani ya kanga, kavu. Sikuitoa.

Wewe uliiona. Ilikuwa inatokeza hapa shingoni. Ukaitazama, ukanitazama mimi, ukaendelea kushika ile pembe yako iliyokuwa imeshakuwa uji. Hukusema. Mpaka leo hujasema, na mimi mdomo wangu huu unaojulikana wilaya nzima, juu ya hilo haujafunguka.

Karatasi moja isingezuia mvua ile. Najua. Najiambia kila siku. Mwanaidi alikuwa ameshachoka tangu jua lilipotoka, pumzi yake ilikuwa ya juu juu. Lakini kulipopambazuka alikuwa ameondoka, na tulipomwosha masizi yaligoma nyuma ya sikio, tukamzika nayo, na mimi nilikuwa bado nina karatasi kavu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Zile nyingine nikazianika juani, zikagandana, nikizibandua zinaachia vipande. Mbuzi wakala nyingine. Nikawaacha wale.

Halafu nikafanya kosa jingine, nalo linatoka humu humu mdomoni. Nilimwita yule karani wa ghala aniandikie kwa Ntandu. Nilipaswa kusema mtoto amefariki kwa homa, basi, ninyamaze. Mimi nikasema yote. Mvua, vijiti, migunga, karatasi, masizi. Yote isipokuwa ile moja. Mtu mwenye uchungu anataka mwingine naye auone kwa macho, na Ntandu akisikia kitu, anakichora. Nilimjua. Nilikuwa namtengenezea picha, Jumanne, na sikufikiri itampeleka wapi.

Yule mwalimu wa shule ndiye aliyekuja na gazeti. Akakaa kwenye kigogo pale nje, akalikunjua, hakuanza kusoma. Nikamwambia soma, mbona kimya. Akasema, "Hapa hakuna maneno, mama." Vyumba vyote vitatu, mvua tu. Cha kwanza vijiti. Cha pili watu chini ya miti. Cha tatu Mama Redio amekaa, kitu kama karatasi kimefunika mtoto, na mdomo wake umefungwa. Ndiyo siku pekee alipomchora mdomo umefungwa.

Watu wengine walidhani ni katuni ya kuhimiza kilimo. Wakubwa wa pale gazetini hawakudhani hivyo. Wakamwambia apumzike kwanza, na kupumzika huko hakukuwa na mwisho. Akawa anakaa kwa Mzee Kassimu, kifua kikamkamata, na ni yule yule utingo wa mafurushi aliyenishushia habari, akiwa ameshika kofia yake mkononi, bila furushi. Wameshamzika, anasema. Mimi kaburi lake sijaliona. Nikiambiwa nitaje mahali alipolala mwanangu nitataja jina la mji.

Sasa ndiyo nifike kwenye lile ninalotaka kukuambia, Salome anasema karatasi zake zinakaribia kuisha, nimemwambia atafute nyingine.

Lile gazeti la mvua ninalo, unalijua. Limenitoa macho. Kwenye chumba cha tatu, pale kifuani kwa Mama Redio, kuna mstari. Mmoja, mfupi, umesimama hapa shingoni. Unaweza kuwa kunjo la kanga. Unaweza kuwa ukingo wa karatasi. Gazeti lenyewe ni baya, wino umetapakaa, nimelipeleka juani, nimelipeleka kwenye kibatari, sijui. Nilimuuliza mwalimu hii ni nini, akasema ni kanga, mama. Alisema haraka mno.

Kwenye ile yenyewe itaonekana. Aliyoichora kwa mkono, ile iliyo kwa Mzee Kassimu. Na chini yake patakuwa na buluu, kwa sababu hakuwahi kuchora Mama Redio bila buluu ya kwangu. Ni barua yake ya mwisho kwangu na sijaiona, nayo haijapita moshini. Ama kaka yako alijua, ama hakujua. Kama alijua, alijua kwa mtu mmoja tu, maana tulikuwa wawili tulioshika pembe zile. Sikuulizi. Ulikuwa mtoto, na ulimpenda Mwanaidi, na kaka yako alikuwa na haki ya kuambiwa. Kama ulimwambia ulifanya kazi niliyoikwepa mimi.

Jana pale zizini ndiyo nilikuwa nawaza hilo. Nikisema karatasi hii haitoki, Mzee Kassimu atakwenda zake kusini, vijana watachora magari nyuma ya Ntandu, na mimi nitakaa na mstari wangu wa gazetini mpaka nife, leo nasema kanga, kesho nasema karatasi. Kuna siku mtu anaona ni afadhali hivyo. Nikisema ichukue, inaweza kuloa njiani, inaweza kuibwa, na ukirudi salama unaweza kurudi na jibu.

Niliyokuambia ulipokuwa mdogo kuhusu kutunza, mengi nimeyaona hayakuwa hivyo. Nilidhani ukikificha kitu kwa kukipenda kimepona. Nilikificha moshini, kikafa. Nilikificha kifuani, kikapona, na tazama kilivyopona. Sina la kukufundisha hapo. Nakuonyesha tu mahali nilipojikwaa, wewe una macho.

Ukifika, umwamkie Mzee Kassimu kwa ajili yangu pia. Mwambie mama yake Ntandu anakusalimu, anashukuru kwa kumfumba macho mwanawe. Ile asali niliyokufungia mzigoni ni yake. Mwache alinganishe taratibu. Akizitoa, usianze kuhesabu wala kuzipanga, itafute ile ya mvua. Itazame peke yako kwanza. Utazame kifuani, halafu utazame chini kwenye buluu. Lolote lililopo usimwambie karani, usimpe utingo, wala usiniandikie, hata kwa Salome huyu ninayempenda. Iviringishe uje nayo. Nataka niisome mwenyewe. Kusoma kwa buluu nilifundishwa.

Na usiifute. Ukiona ni kitu cha kuniumiza, najua moyo wako, utachukua kifutio. Usiguse. Ni ya kwangu.

Salome ameacha kuandika ananitazama. Andika wewe. Machozi yako yataharibu karatasi, na hapa tumeshaharibu za kutosha.

Nasikia mbwa. Ni wewe huyo umerudi, unaongea na Mghenyi hapo njiani, anakuuliza kama Dar es Salaam kuna stesheni ya Mama Redio, mzee huyu hachoki. Sasa umeingia ndani. Asubuhi nilifungua mkoba wako, nikaweka kitu chini ya ile shuka, kwenye kitambaa chake, nikaufunga tena kwa kamba ya gome, kwa fundo la kwetu lile la kufungia lindo, ambalo wewe hujawahi kuliweza.

Anaita. "Mama, nani kafunga mkoba wangu?"

Weka kalamu, Salome. Ngoja niende nikamwambie.